Mama Neema wa Goma: unga uliomwaga haukuwa bandia

Mama Neema anatengeneza sabuni ya maji Ndosho, Goma. Swali lake, kwa kifupi, ni hili: "Nanunua Birere unga mweupe wanaouita CMC, wa kufanya sabuni iwe nzito. Mara ya kwanza ulitoa madonge, nikachuja na kutupa karibu nusu. Mara ya pili nilipewa unga mwingine, nikautia katika maji ya moto, haukuyeyuka, nikaumwaga nikijua ni bandia. Mara ya tatu sabuni ilitoka nzito, wateja wakafurahi, lakini siku ya kumi na mbili bidoni (madumu) mbili zikawa maji matupu na zikaanza kunuka. Ndugu yangu anabandika karo, yaani vigae, naye ana unga wake wa kuchanganya na sima (saruji), anasema ni kitu kimoja. Ni kweli? Na je, naweza kuutia kwenye yogati ninayouza?"

Mama Neema, asante kwa kueleza kila kitu kwa utaratibu, hata siku ukazihesabu. Nianze na ule unga uliomwaga, maana ndio unaoniuma. Sidhani ulikuwa bandia. Kwa jinsi ulivyoueleza, ukizungukazunguka katika maji ya moto bila kuyeyuka, ulikuwa unga wa ukoo wa methili, na ukoo huo hukataa maji ya moto na kukubali ya baridi. Ungeyaacha maji yale yapoe hadi asubuhi huku ukiyakoroga mara kwa mara, ungekuta sufuria ina ute mzito, mweupe wa kioo, unaovutika kwenye mwiko.

Sokoni jina CMC limekuwa jina la kila unga mweupe unaofanya maji yawe mazito. Ndani ya mifuko ile mna ndugu watatu, na kila mmoja ana tabia yake. Usipojua ni nani uliyemnunua, utamtendea kama mwenzake, naye atakuharibia kazi.

Wote watatu wametokana na selulosi, kitu kile kile kilicho ndani ya pamba na mbao. Selulosi ni mkufu mrefu wa shanga, na kila ushanga ni sukari ya glukosi. Pamba ukiiloweka mwaka mzima haiyeyuki, kwa sababu mikufu imeshikana yenyewe kwa yenyewe hata maji hayapati pa kupita. Kiwandani huilowesha kwa soda kostiki ili mikufu ivimbe na kuachiana, kisha hupachika vikundi vidogo vya kemikali kwenye shanga. Kila ushanga una nafasi tatu za kupachikia. Vikundi vikitosha, mikufu haiwezi tena kulala pamoja, maji yanaingia katikati, na kila mkufu unajinyoosha ukashika maji yake. Ndiyo maana gramu 10 tu katika lita moja hufanya maji yawe kama ute wa bamia. Bidhaa hizi kwa jumla huitwa etha za selulosi.

Ndugu wa kwanza ndiye CMC mwenyewe, kaboksimethili selulosi. Ana chaji ya umeme kwenye mkufu wake, na huyeyuka katika maji baridi na ya moto sawasawa. Lakini huogopa asidi, huogopa chumvi nyingi, na madini kama kalsiamu na magnesiamu humpunguzia nguvu. Ujerumani ndiko alikotengenezwa kwanza, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye ikaonekana kwamba akiwamo kwenye sabuni ya unga, uchafu uliokwisha kutoka kwenye nguo ya pamba haurudi kuing'ang'ania. Hiyo ndiyo kazi yake ya heshima katika sabuni hadi leo.

Wa pili ni HPMC, haidroksipropili methili selulosi. Hana chaji. Huyeyuka katika maji baridi, na ukimpasha moto, kati ya nyuzi 60 na 90 kulingana na aina, hugeuka mweupe na kuganda. Ukimpoza hurudi kuwa maji maangavu. Sima haimtishi. Wa tatu ni HEC, haidroksiethili selulosi, naye hana chaji, huyeyuka katika baridi na moto, na huvumilia chumvi kuliko wote. Huyu ni kipenzi cha watengenezaji wa rangi za maji. Kwenye ndoo rangi inasimama, chini ya brashi inateleza, na ikishafika ukutani inasimama tena kabla haijachuruzika. Tabia hiyo ya kulegea unapoikoroga na kukaza unapoiacha wanayo wote watatu, na hata sabuni yako ukiibonyeza kutoka kwenye chupa ndivyo inavyofanya.

Sasa, utamjuaje aliye mfukoni? Huhitaji labo. Chukua kijiko kidogo cha unga, ukinyunyize kwenye glasi ya maji yaliyotoka tu kuchemka, huku ukikoroga. Kwetu huku Kivu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 kwa sababu ya mwinuko, na hizo zinatosha. Unga ukibaki unaelea kama vumbi jeupe, na glasi ikawa nzito baada ya kupoa tu, hiyo ni HPMC. Ukishika maji papo hapo na kuanza kufanya ute au madonge, ni CMC au HEC. Ili kuwatenganisha hao wawili, yeyusha gramu moja katika lita ya maji baridi ya mvua, usiku kucha, kisha jaza chupa nusu na uitikise kwa nguvu kama mtu anayetikisa maziwa. CMC haifanyi povu linalokaa. Wengine hufanya. Jaribio hili la povu ni la kweli kabisa. Hata wanaokagua viungio vya chakula hulitumia kumtambua CMC. Ukitaka uhakika zaidi, yeyusha kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia maji machafu, na udondoshe maji yake kwenye ute. CMC itakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. HEC na HPMC hazitajali.

Na dondosha pia tone la tinkcha ya iodini, ile ya dukani ya vidonda, kwenye ute uliopoa. Ikigeuka buluu nzito karibu na nyeusi, umeuziwa wanga, pengine wa muhogo, au unga uliochanganywa na wanga. Huo kweli utakuwa bandia.

Madonge ya mara ya kwanza unayajua tayari kwa jina lingine. Ni yale yale ya bugali aliotia unga mtu mwenye haraka: nje pamelowa na kuwa utando, ndani unga mkavu umefungiwa. Unga huu ni mbaya zaidi, kwa sababu utando wake ni ute mzito ambao maji huupita polepole sana. Donge likishafunga, kulikoroga saa nzima hakusaidii kitu. Nilipoanza kazi nilimwaga gramu 200 mara moja kwenye basini ya lita 20, zikatoka mipira minene kama mayai ya bata. Nilipasua mmoja kwa kisu, ndani unga ulikuwa mkavu kama ulivyotoka mfukoni.

Siri ni kuzitenganisha chembe kabla hazijalowa. Kwa HPMC ni rahisi: theluthi moja ya maji yawe ya moto sana, tia unga, koroga hadi usambae wote kama vumbi, kisha mimina maji baridi yaliyobaki na uendelee kukoroga hadi yapoe. Kwa CMC maji ya moto hayasaidii, hata huharakisha madonge. Hapo lowesha unga kwanza kwa gliserini, gramu 500 kwa gramu 100 za unga, hadi iwe kama uji. CMC haiyeyuki katika gliserini, kwa hiyo chembe zinaachana bila kufanya ute. Ukimimina uji huo kwenye maji yanayozunguka, utayeyuka bila donge. Usipokuwa na gliserini, weka unga kwenye chujio la chai na uunyunyize kidogo kidogo pembezoni mwa kizingia cha maji, huku msaidizi akikoroga bila kupumzika. Kisha acha usiku kucha. Unga mwingi unaotupwa kwenye chujio ungeyeyuka kama ungepewa muda.

Unga ukimwagika sakafuni, fagia ungali mkavu. Ukipata maji sakafu inakuwa utelezi wa kuvunja mtu kiuno.

Kuna jambo la Goma ambalo maelezo kwenye mifuko hayalitaji. Baadhi ya HEC na HPMC hufunikwa kiwandani kwa kemikali iitwayo glioksali, ili zisambae vizuri kwanza na kuanza kuyeyuka baada ya dakika kadhaa. Ulinzi huo hudumu katika maji ya kawaida, lakini maji yenye asili ya magadi huuvunja upesi. Na maji ya Ziwa Kivu ni ya hivyo: juu juu pH yake (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati) ni kama 9, na yana magnesiamu nyingi. Ukichota ziwani, unga uliotengenezwa usifanye madonge unaweza kuyafanya, na CMC itatoka nyepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye mfuko. Wewe umesema unanunua maji ya bidoni na hujui yalikochotwa. Kwa hatua hii ya kuyeyusha unga tumia maji ya mvua. Hii pekee, mama, inaweza kukuokolea robo ya unga wako.

Halafu kuna mpangilio. Umeniandikia kwamba unaanza na chumvi ndani ya maji, kisha asidi ya salfoniki, kisha CMC, kisha soda kostiki. Umemweka CMC katikati ya maadui zake wawili. Chumvi iliyotangulia huifanya mikufu yake ikunjamane badala ya kujinyoosha, na asidi kali humtoa nje ya maji. Geuza. Yeyusha CMC peke yake, ilale. Pembeni, tuliza asidi ya salfoniki kwa soda kostiki, ukiwa na glavu, hadi karatasi ya kupimia ionyeshe pH ya 7 au 8. Ongeza sless, ile jeli ya kutoa povu mnayoiita pia Texapon. Subiri mchanganyiko upoe ndipo uunganishe na ute wako, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, kidogo kidogo, ikiwa imeyeyushwa. Uzito usiupime sabuni ikiwa na joto. Ikiwa vuguvugu hulegea, unaongeza unga, na asubuhi unakuta imekuwa jeli isiyomiminika. Kumbuka pia kwamba ukiongeza unga mara mbili, uzito hauwi mara mbili. Hupanda mara nane au zaidi. Anza na gramu 5 kwa lita, kwa mizani. Wanaopima dhahabu wana mizani nzuri za bei nafuu, na moja ya hizo itakulipa mwezi wa kwanza.

Maoni yangu ya kweli, hata hivyo, ni kwamba kwa sabuni ya maji ningechagua HPMC au HEC kabla ya CMC. Sless ikiwa nyingi na chumvi ikiwemo, CMC hujitenga taratibu na kukaa chini kama wingu. Na nikuambie jambo ambalo wauzaji wa unga hawatakuambia: sabuni yenye sless ya kutosha huwa nzito kwa chumvi peke yake. Unga huu hauoshi chombo wala hauondoi mafuta. Ukiona unauhitaji kwa wingi, pima kwanza ni kiasi gani cha sabuni yenyewe kiko ndani ya ndoo. Mteja anayesugua sahani mara tatu anajua, hata kama sabuni yako inavutika vizuri.

Sasa bidoni mbili zilizogeuka maji. Harufu ndiyo shahidi. Bakteria na ukungu wana vimeng'enya vya kukata selulosi, ndivyo wanavyokula majani na miti. Mkufu wako ni selulosi bado, na pale penye shanga zisizopachikwa kitu vimeng'enya vinapata pa kuuma. Mkufu wa shanga elfu ukikatwa mara kumi tu, uzito umekwisha, ingawa kemikali zote bado zimo. Kuongeza unga mpya ni kuwalisha, kwa sababu vimeng'enya vimebaki mle ndani na vitaukata nao. Ndiyo maana bidoni nyingine za siku ile ile zimebaki nzima: nafikiri hizo mbili zilikuwa na mabaki. Bidoni ya zamani ya mafuta au ya mandale, ile pombe ya kienyeji, haisafishwi kwa kusuuza. Ioshe kwa maji yanayochemka na soda ya kufulia, uikaushe juani imefunguliwa. Maji ya kuyeyushia unga yachemshe kwanza na yapoe.

Lakini sabuni inayokaa dukani wiki sita inahitaji pia kihifadhi, na hapa wengi hukosea kwa namna tatu. Kuna wanaotia sodiamu benzoeti kwa sababu waliiona kwenye juisi. Hiyo hufanya kazi penye asidi tu, pH chini ya 5 hivi. Kwenye sabuni ya pH 8 ni pesa iliyotupwa. Kuna wanaotia javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Javeli inaua bakteria, ndiyo, lakini inakata mikufu ya selulosi vilevile, kwa hiyo inafanya kazi ile ile ya bakteria kwa haraka zaidi. Na ikikutana na asidi ya salfoniki ambayo haijatulizwa hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Tafadhali, kamwe usiviweke karibu. Na kuna wanaotia formalini. Usiiguse, mvuke wake unasababisha saratani, na wewe unafanya kazi chumbani, watoto wakiwa karibu. Ulizia fenoksiethanoli, gramu 5 hadi 10 kwa lita, au vihifadhi vya sabuni vya aina ya isothiazolinoni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, bila kukizidisha, kwa sababu vikizidi huwasha ngozi.

Ndugu yako ana HPMC karibu kwa hakika, na anaihitaji kwa sababu nyingine kabisa. Sima haikauki kama tope. Inashikana kwa kuungana na maji. Kole ya karo, yaani gundi ya kuibandikia, ni tabaka jembamba, na matofali yetu ya mawe ya volkano yana matundu na kiu. Ukuta ukinywa maji kabla sima haijamaliza kazi yake, karo inasimama kwa wiki chache kisha inaanguka. Niliwahi kuitwa nyumba moja Bukavu ambako karo za bafu zilidondoka. Nyuma ya karo palikuwa safi kama zimetoka dukani leo, na sima ukutani ilisagika kwa ukucha. HPMC huyashika maji yale yasikimbie. Kipimo chake ni gramu 2 hadi 5 kwa kilo ya mchanganyiko mkavu: mfuko wa kilo 50 wa sima na kilo 50 za mchanga laini huchukua gramu 300 hivi, zikichanganywa vikiwa vikavu, na hapo hakuna madonge kwa sababu mchanga umeshazitenganisha chembe. Asizidishe, kwa kuwa inachelewesha sima kukaza. Na asitumie CMC yako: kalsiamu ya sima huidhoofisha.

Unaweza kuazima unga wake kwa sabuni? Jaribu katika lita moja. Ikitoka angavu na ikabaki hivyo wiki mbili, tumia. Unga mwingine wa ujenzi huchanganywa na wanga au vitu vingine kwa ajili ya sima, na sabuni haitatoka angavu.

Kwa yogati, hapana. CMC ya chakula ipo, namba yake E466, na HPMC ni E464. Tena CMC hutumika kweli katika maziwa ya kunywa yaliyochachuka ili yasijitenge. Lakini ya chakula husafishwa hadi asilimia 99.5, wakati ile ya sabuni hubaki na chumvi na mabaki mengine ya kiwandani, na mfuko uliofunguliwa Birere na kupimwa kwa kikombe umepita mikononi mwa wengi. Yogati yako ichuje kwa kitambaa safi usiku mmoja, itakuwa nzito yenyewe, na maji yake ukandie mandazi.

Zile bidoni mbili usizimwage kwenye sabuni mpya hata kikombe kimoja, vitakwenda na vimeng'enya vyake. Bado zina sless ndani: zitumie kusugulia sakafu na choo cha nyumbani, kisha uzichemshie maji bidoni zenyewe kabla hazijagusa kitu kingine.